Spea za injini za Kirinyaga Road bado zina soko la miaka mingapi?

"Mhandisi, nina duka la spea Kirinyaga Road, Nairobi. Nauza plagi, filta, pampu za maji na belti, na nyuma ya duka nina injini na giaboksi zilizotumika kutoka Japani. Mwenzangu anataka tuchukue mkopo wa miaka mitano tuagize kontena nzima ya injini za Toyota. Wakati huohuo mteja wangu, dereva wa teksi, ananiambia Toyota imekwisha, kwamba Wachina na Tesla wamewamaliza wenye magari wa zamani, na kwamba gari la umeme halina spea. Alinionyesha video za viwanda vya Ujerumani vinavyopunguza watu. Kijana wangu naye amemaliza Kidato cha Nne na anataka kusomea umekanika. Je, kontena niagize au niachane nayo? Na kijana nimpeleke?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba riziki ya watu wengi wa barabara hiyo, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu. Hofu yako naielewa hivi: umesikia injini inazikwa, na wewe unakaribia kukopa pesa ununue injini. Mteja wako amesikia habari za kweli, ila amezichanganya. Yanayowapata watengenezaji wa magari ng'ambo ni jambo moja, na yatakayokufikia wewe kaunta ni jambo jingine lenye mwendo wake. Kontena si wazimu. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo miaka mitano.

Tuanze na Toyota, maana ndiyo inayokulisha. Haijaisha. Mwaka 2024 kundi la Toyota liliuza zaidi ya magari milioni 10, na hakuna kampuni nyingine duniani iliyoifikia. Walioumia ni wengine. Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi Desemba 2024 kwamba itapunguza nafasi za kazi 35,000 Ujerumani kufikia 2030. Nadhani video za mteja wako zilihusu hilo. Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 4 mwaka 2023 katika kitengo chake cha magari ya umeme peke yake. Nissan ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu iliwatangulia wakubwa wenzake ilipotoa Leaf, gari lake la umeme, mwishoni mwa 2010, lakini mwaka 2025 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 20,000. Kuwahi kwenye umeme hakukuikinga.

Sasa kwa nini kampuni zenye umri wa karibu miaka mia zitikiswe na zilizozaliwa juzi? Jibu liko kwenye bidhaa unazouza. Injini ya petroli ni kitu kigumu mno kukitengeneza vizuri. Mafuta yanawaka ndani ya silinda maelfu ya mara kwa dakika, ringi za pistoni zinasuguana na chuma, oili lazima ifike kila mahali, valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, na moshi utoke ukiwa ndani ya kipimo cha sheria. Kujua kuitengeneza injini idumu kilomita laki tatu, kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaweza kumudu, ni ujuzi uliokusanywa kwa vizazi. Ujuzi huo ndio uliokuwa ukuta. Aliyetaka kuingia kwenye biashara ya magari alikuta Wajapani, Wajerumani na Wamarekani wamekaa nyuma ya ukuta huo, akarudi nyumbani.

Mota ya umeme haina ukuta wa namna hiyo. Kitu kinachozunguka ndani yake ni kimoja, hakuna kinachowaka, wala haihitaji giaboksi ya gia tano. Injini bora kabisa ya petroli inageuza takriban asilimia 40 ya nguvu iliyo ndani ya mafuta kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki inapotea kama joto kwenye radieta na ekzosi. Mota inavuka asilimia 90. Na mota si uvumbuzi wa jana, imejulikana tangu karne ya 19. Kilichokuwa kinaikwamisha ni betri, ambayo ilikuwa nzito na ghali kupita kiasi. Mwaka 2010 betri ya gari ilizidi dola 1,000 kwa kila kilowati-saa ya umeme inayoweza kuhifadhi. Mwaka 2024 wastani ulikuwa umeshuka hadi kama dola 115. Bei iliposhuka hivyo, ukuta ulianguka wenyewe, na thamani ya gari ikahama kutoka kwenye injini kwenda kwenye betri na programu.

Ndiyo maana waliokuja juu walitoka kwenye betri. BYD ilianzishwa mwaka 1995 mjini Shenzhen na Wang Chuanfu kama kampuni ya betri ndogo. Mwaka 2003 ikanunua kampuni dogo la magari, na watu wengi waliona ni upuuzi. Machi 2022 ikaacha kabisa kutengeneza magari yanayotegemea petroli peke yake. Mwaka 2024 iliuza zaidi ya magari milioni 4, ya umeme mtupu pamoja na haibridi za kuchaji, yaani magari yenye injini na mota pamoja. Tesla, iliyoanzishwa 2003, ilifikia mahali ambapo Model Y ndiyo iliyouzwa kuliko gari jingine lolote duniani mwaka 2023. Hata Xiaomi, hao wanaouza simu huko Luthuli Avenue na Moi Avenue, walileta gari lao la kwanza sokoni China mwaka 2024.

Utauliza: si Volkswagen na Ford nao wana pesa na wahandisi, kwa nini wasigeuke tu? Wamejaribu, ila fikiria mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha Umoja. Wapangaji wamejaa, kodi ndiyo inayolipa mkopo, na sasa anaambiwa abomoe ili ajenge ghorofa. Akibomoa, hana cha kulipia mkopo. Asipobomoa, jirani anajenga ghorofa na kumchukulia wapangaji. Viwanda vya injini na giaboksi vya kampuni hizi vinaendelea kuleta faida, na faida hiyo ndiyo inayogharamia magari ya umeme ambayo kwa wengi wao yanauzwa kwa hasara. Na nyuma ya kila kiwanda kuna mamia ya kampuni ndogo zinazotengeneza vipande, na maelfu ya watu wenye mikataba ya kazi.

Hata majina yaliyo kwenye rafu zako yameanza kujipanga upya. Chukua pakiti ya plagi za NGK. Kampuni inayozitengeneza ilibadilisha jina lake mwaka 2023 ikajiita Niterra, kwa sababu haikutaka tena jina lake la kampuni liwe linasema plagi, ingawa pakiti bado imeandikwa NGK. Mwaka huohuo Denso, ambayo nina hakika unaijua kuliko mimi, ilitangaza kwamba inazungumza na Niterra kuhusu kumwachia biashara yake ya plagi. Hawa hawakimbii kesho asubuhi. Mmoja anakusanya soko linalopungua ili afaidike nalo hadi mwisho, mwingine anatoa pesa zake azipeleke kwingine. Nakuomba ulikumbuke hilo tutakapofika kwenye kontena.

Usidhani pia kwamba kila mwenye umeme anashinda. Fisker ya Marekani ilifilisika mwaka 2024. Northvolt ya Sweden, iliyotarajiwa kuwa mkombozi wa betri za Ulaya, ikafilisika 2025. Hapa kwetu teksi za umeme za NopeaRide zilianza 2018 na kufikia 2022 zikawa zimefunga. Serikali nazo zimeingia uwanjani: mwaka 2024 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China, na Ulaya ikaongeza wake. Toyota wamevuka kipindi hiki vizuri kuliko wenzao kwa sababu ya haibridi, kazi waliyoianza na Prius mwaka 1997, na watu waliowacheka kwa kusitasita kwenye umeme mtupu walinyamaza kidogo.

Sasa tuje Nairobi, na hapa ndipo mteja wako alipokosea hasa. Gari la kawaida la hapa halitoki kiwandani, linatoka yadi ya mitumba, na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, lililosajiliwa kabla ya 2018 halikukubaliwa. Tena lazima usukani uwe kulia. Sheria hizo mbili zinakupa nafasi ya kuona mbele ambayo watu wa nchi nyingine hawana. Ukitaka kujua gari gani litaingia gereji za Ngara na Industrial Area miaka saba ijayo, tazama Wajapani wananunua nini leo. Na Japani, katika kila magari 100 mapya, ya umeme mtupu hayafiki hata 3. Wanachonunua kwa wingi ni haibridi.

Kwa hiyo mtumba utakaofika Mombasa kwa miaka mingi ijayo bado utakuwa na injini, lakini zaidi na zaidi injini hiyo itakuwa imefungwa pamoja na mota, betri kubwa na invata, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie. Bado itataka plagi, filta na oili. Itakachoacha kutaka ni belti kadhaa, na kwenye haibridi nyingi za Toyota hakuna stata wala altaneta za kawaida. Pitia hesabu zako za mwaka uone stata na altaneta zimekuingizia nini. Hapo ndipo pengo litaanzia kuonekana.

China yenyewe, penye karibu theluthi mbili ya magari ya umeme yaliyouzwa duniani mwaka 2024, usukani uko kushoto, kwa hiyo mitumba yao haiwezi kumwagika hapa. Watakuja na magari mapya yaliyotengenezwa kwa usukani wa kulia, na mapya hununuliwa na wachache. Mlango ambao ningekushauri uutazame zaidi ni Uingereza. Usukani wao ni kama wetu, na mwaka 2024 karibu gari moja kati ya kila matano mapya yaliyouzwa huko lilikuwa la umeme mtupu. Hayo yatakuwa ndani ya miaka yetu minane hadi mwisho wa 2031. Siku wafanyabiashara wa yadi za Ngong Road watakapoona bei zake zinawafaa, utayaona hapa.

Kuna sehemu ambapo umeme hausubiri mtumba: mabasi na bodaboda. BasiGo walianza Nairobi mwaka 2022 kwa mabasi ya BYD, na baadaye wakaanza kuyaunganisha Thika. Roam wana kiwanda cha pikipiki za umeme Industrial Area. Mwenye basi la njia moja anajua kilomita zake za siku, ana mahali pa kulaza gari, na dizeli inamla kila jioni. Stima kwa kazi hiyo ilipewa bei yake maalumu mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Usiku ni wakati mzuri kwa sababu mvuke wa ardhini unaozalisha stima Olkaria haulali, na sisi tukilala stima inabaki. Ikiwa wateja wako wakubwa ni wenye matatu, hapo utapungukiwa mapema kuliko kwa wenye Vitz na Fielder.

Na hili la kwamba gari la umeme halina spea si kweli. Halina plagi, filta ya oili, klachi wala ekzosi. Lakini ni zito kuliko mwenzake wa petroli kwa sababu ya betri, na mota inasukuma kwa nguvu tangu tairi linapoanza kuzunguka. Matokeo yake ni tairi kuisha haraka, na barabara zetu zitafanya bushi, bol jointi na shokamzoba ziwe biashara nzuri. Pedi za breki zinadumu zaidi, maana gari likipunguza mwendo mota yenyewe inalikaza na kurudisha umeme kwenye betri. Kuna betri ndogo ya volti 12, kuna kizibo na kebo za kuchajia, feni, pampu za kupozea, na bamba linalokinga betri chini ya gari. Dereva akilikwaruza kwenye matuta ya mtaani, lazima lichunguzwe.

Mfano mmoja wa pesa iliyolala mahali ambapo watu hawatazami. Aqua, haibridi ndogo ya Toyota, inaletwa gereji, taa ya haibridi imewaka kwenye dashibodi, na mwenyewe ameambiwa betri imekufa. Tazama pembeni mwa kiti cha nyuma, utakuta tundu la feni inayovuta hewa ya kupoza betri. Gari likiwa la teksi ya Embakasi au Kayole, feni hiyo mara nyingi imezibwa na vumbi, nyuzi za viti na nywele, imekuwa kama zulia. Betri haipati hewa, inachemka, na inachakaa kabla ya wakati. Betri ya Aqua ya toleo la kwanza imeundwa kwa moduli, yaani vipande vilivyounganishwa, 20 za volti 7.2, jumla 144, na mara nyingi zinazokuwa zimechoka ni chache tu. Fundi anayejua atasafisha feni, atapima kila moduli ikiwa inafanya kazi, na kubadilisha zilizokufa kwa zenye nguvu inayolingana. Asiyejua atamuuzia mtu betri nzima. Ni maduka machache ya barabara yenu yanayoweka moduli zilizopimwa, feni na vichujio vyake. Hilo ndilo soko ninaloliona likikua mbele ya macho yetu.

Turudi kwenye kontena. Injini za petroli za Toyota kama 1NZ-FE ziko kwenye Probox, Fielder, Axio na Vitz zisizohesabika mjini humu, na magari hayo hayataondoka barabarani kwa sababu ya tangazo la Shenzhen. Mkenya hatupi gari, anabadilisha injini. Kwa hiyo injini hizo zina soko, na ningekuwa na pesa zangu mkononi ningeagiza kontena ndogo bila kuogopa. Lakini mkopo wa miaka mitano kwa injini tupu ni kujifunga kwenye bidhaa moja wakati magari yanayoingia yanabadilika kila Januari. Vilevile hatari kubwa inaweza isitoke kwa Tesla hata kidogo, ikatoka kwa majirani zako ishirini walioagiza injini zilezile na kuziuza kwa bei ya kutupa. Ningemwambia mwenzako: chukua nusu, mkopo usizidi miaka miwili, na ndani ya kontena iwemo sehemu nzuri ya injini za haibridi pamoja na transakso (giaboksi yake yenye mota ndani), invata na moduli zake, zikiwa zimetolewa kwenye gari moja, na mjue ni gari lipi. Invata isiyojulikana ilikotoka ni kama kigae, haina kazi.

Kuachana kabisa na injini na kugeukia umeme mtupu sasa hivi nako sikushauri. Magari yenyewe ni machache mno, na modeli hazijatulia. Utanunua spea za gari ambalo hutaliona mtaani kwa miaka.

Kijana mpeleke, na mpeleke kwa moyo mweupe. Fundi wa magari hatakosa kazi, ila fundi anayejua kufungua nati peke yake ataikosa. Kabla ya kulipa karo, nenda naye chuoni mwenyewe, iwe kituo cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, chuo cha Kabete au kwingineko, mwombe mwalimu awaonyeshe karakana. Tazama kama kuna haibridi au gari la umeme ambalo wanafunzi wanalifungua kwa mikono, na mashine ya kusoma gari inayofanya kazi. Kama umeme wa magari ni kurasa tu kwenye daftari, tafuta kwingine. Hesabu za umeme asizikwepe. Volti, ampea na ukinzani ndizo zitakazomlisha.

Hapa nisisitize jambo moja kwa uzito wote. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye haibridi na magari ya umeme zina volti za kutosha kumuua mtu mara moja, na hata gari likizimwa, umeme unabaki ndani ya invata kwa dakika kadhaa. Asiguse mtu, wewe, kijana au mbeba mizigo wako, bila kuchomoa kizibo cha usalama cha betri, kusubiri, kupima, na kuvaa glavu za mpira zilizopimwa kwa kazi hiyo. Glavu za bustani na za ngozi hazifai. Ukiuza moduli, mwambie mteja hivyo kabla hajatoka dukani, na ukiona mtu anataka kuifungua hapo kwenye lami, mkataze.

Mambo mawili siwezi kuyaamua kutoka hapa. Kodi za magari ya umeme na betri hubadilika na Mswada wa Fedha kila mwaka, kwa hiyo kaa na wakala wa forodha kabla ya kuagiza, akuandikie gharama zote hadi mlangoni. Na mkataba wa mkopo mpelekee mhasibu ausome, hasa sehemu ya riba inayopanda na dhamana mliyoweka. Kama dhamana ni duka lenyewe au nyumba yako, usitie sahihi siku hiyo. Muuzaji wa Japani akikupa orodha ya kontena, hakikisha imeandika msimbo wa kila injini, mwaka na gari ilikotolewa. Ipitie na fundi mmoja unayemwamini wa injini na mmoja wa haibridi, mkiwa wote mezani, kabla ya amana ya kwanza kutoka.